Kupima klorofili ya maji ya bahari: kuanzia chupa ya sampuli hadi namba ya mwisho

Klorofili a ndiyo kipimo cha haraka cha wingi wa fitoplanktoni, yaani vijimea vinavyoelea majini na kulisha karibu kila kiumbe cha baharini. Namba inayotoka ni fupi, kwa mfano 0.8 ya mikrogramu kwa lita. Nyuma yake pana taaluma mbili zisizozoeana sana. Mwanabiokemia anajua molekuli ya klorofili inaharibikaje, na mwanaikolojia anajua maji yalichotwa saa ngapi na mkondo ulikuwa unakwenda wapi. Mmoja akikosekana, namba hiyo haina maana hata ikiwa na desimali tatu.

Milinganyo inayotumika zaidi katika kazi hii ilichapishwa mwaka 1975 na Shirley Jeffrey na G. F. Humphrey wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Jeffrey (1930–2014) alikuwa mwanabiokemia. Shahada ya uzamivu aliipata London, kisha akatumia miaka mingi kutenganisha na kusafisha rangi za vijimea vya baharini, hasa klorofili c, ambayo kabla yake hakuna aliyekuwa nayo ikiwa safi kabisa. Baadaye akageukia bahari yenyewe, akitumia rangi hizo kutambua ni vijimea gani vimo kwenye maji. Usafi ule ndio msingi wa milinganyo: huwezi kujua klorofili inafyonza mwanga kiasi gani kama hujapata klorofili safi ya kupima. Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo, kwa asetoni ya asilimia 90 na spektrofotomita, yaani mashine inayopima sampuli imefyonza mwanga kiasi gani.

Kuchota maji

Pwani ya Afrika Mashariki hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hukaribia mita 4 katika maeneo kama Unguja na Dar es Salaam. Kwa hiyo kituo kimoja kinaweza kuwa na maji ya bahari kuu saa 4 asubuhi na maji ya mikoko saa 10 jioni. Ukilinganisha vituo, vichote vyote katika hali moja ya maji, na andika saa, hali ya maji (kujaa au kupwa), na kama ni bamvua au maji mafu. Ghuba ya Chwaka, huko Unguja, ni mfano mzuri: maji yanapopwa hutoka kwenye vijito vya mikoko yakiwa yamebeba vipande vya majani na tope, na vipande hivyo vina klorofili iliyokwisha kuoza ambayo mashine itaihesabu usipokuwa mwangalifu. Tutarudi hapo.

Msimu nao una lake. Wakati wa kaskazi, upepo ukilala, Trichodesmium, kijimea cha buluu-kijani, hupanda juu na kuelea mafungumafungu ya rangi ya kahawia, kama vumbi la mbao lililomwagwa majini. Chupa iliyoshushwa mita 5 itayakosa kabisa, na ndoo iliyotumbukizwa katikati ya fungu itatoa namba ya kutisha. Yote mawili ni kweli na yote mawili yanapotosha. Ukiyaona, chota sampuli mbili, ya juu na ya mita 1 au 2 chini, na uziripoti mbalimbali. Usizichanganye ukatoa wastani.

Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mahali hapo kabla ya kujaza. Chupa iwe ya plastiki nyeusi, au ifunikwe kwa foili. Pitisha maji kwenye chekecheke ya mikromita 200 ili kuondoa zooplanktoni. Wanyama hawa wana klorofili iliyoharibika tumboni, na wakiachwa kwenye chupa wataendelea kula sampuli yako njiani. Weka chupa kwenye boksi la barafu, gizani, na zichujwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja au mbili. Boti isiyo na kivuli huharibu sampuli nyingi kuliko maabara mbovu.

Kuchuja

Vitu vinavyohitajika: machujio ya nyuzi za kioo aina ya GF/F (matundu yanayokadiriwa kuwa mikromita 0.7) ya kipenyo cha milimita 25 au 47, kishikio cha chujio, pampu ya kuvuta hewa yenye geji, koleo ndogo ya ncha bapa, silinda ya kupimia na foili. Usitumie karatasi ya kawaida ya kuchujia. Vijimea vidogo kabisa hupita, na kwenye bahari ya joto isiyo na virutubisho vingi hao wadogo ndio walio wengi.

Ujazo unategemea maji. Kwenye kijito cha mikoko chenye tope, mililita 100 hadi 250 hutosha kuziba chujio. Karibu na pwani chukua kati ya nusu lita na lita 2. Nje ya mwamba, ambako maji ni ya buluu, hata lita 4 zinaweza zisitoshe kwa spektrofotomita. Kanuni ya kazi ni kuchuja mpaka chujio lionekane limeshika rangi na mtiririko uanze kupungua, kisha unasimama na kuandika ujazo halisi uliopita. Namba ya ujazo ndiyo watu husahau kuandika, na bila hiyo hakuna hesabu.

Kabla ya kumimina, pindua chupa taratibu mara kadhaa kwa sababu vijimea hutuama chini. Usitikise kwa nguvu. Wengi ni laini na hupasuka. Mvuto wa pampu usizidi kilopaskali 20, sawa na milimita 150 hivi za zebaki. Mtu mwenye haraka hufungua pampu yote, seli zinapasuka, na klorofili inapita kwenye chujio na kuishia kwenye chupa ya maji machafu. Ukiona maji yaliyochujwa yana rangi ya kijani kwa mbali, tatizo ni hilo.

Mililita chache za mwisho zikikaribia kwisha, maabara nyingi hudondoshea matone machache ya maji yaliyotikiswa na unga wa kabonati ya magnesiamu ili kuzuia asidi. Kama kazi yako inaanza leo, si lazima. Lakini kama unaendeleza takwimu za miaka ya nyuma zilizopimwa nayo, endelea nayo, usibadili katikati.

Zima pampu mara tu maji yanapokwisha. Shika chujio pembeni kwa koleo, likunje katikati upande wenye vijimea ukiwa ndani, ligandamize kidogo kati ya tishu mbili kavu, lifunge kwenye foili na uliweke baridini papo hapo. Maji yanayobaki kwenye chujio si kidogo: la milimita 25 hubaki na takriban mililita 0.2, na la milimita 47 lina eneo zaidi ya mara tatu ya hilo. Maji hayo yataingia kwenye asetoni na kuipunguza nguvu, ndiyo maana ya kukausha kwa tishu. Andika lebo kwa penseli nje ya foili, kwani wino wa kalamu huyeyuka asetoni ikigusa.

Kwa kila kituo fanya machujio mawili, na kwa kila siku ya kazi tengeneza chujio moja tupu lililopitishiwa maji ya bahari yaliyokwisha kuchujwa. Ukiweza, toa rangi siku hiyohiyo. Usipoweza, friza ya nyuzi −20 inafaa kwa wiki chache tu. −80 au naitrojeni kimiminika ni kwa muda mrefu. Friza ya nyumbani inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, kwa sababu hupandisha joto kila inapofanya hivyo. Umeme ukikatika usiku kucha na machujio yakayeyuka, andika hivyo kwenye daftari.

Kutoa rangi

Changanya mililita 900 za asetoni safi na mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Kwa nini asilimia 90 na si 100? Milinganyo ilitengenezwa kwa mchanganyiko huo, na kilele cha ufyonzaji husogea kidogo kimiminika kikibadilika. Ethanoli na methanoli hutoa rangi vizuri, hata vizuri zaidi kwa baadhi ya vijimea vigumu, ila kila kimoja kina milinganyo yake. Kutumia ethanoli kisha kupiga hesabu kwa mlinganyo wa asetoni ni kosa la kawaida mno, na halionekani kwenye jedwali la mwisho.

Fanya kazi hii kwenye mwanga hafifu: funga mapazia, zima taa za juu. Asetoni hushika moto hata kwenye baridi kali, basi pasiwe na jiko wala cheche, vaa glavu na miwani, na fanya kazi chini ya kabati la kuvuta hewa. Mirija iwe ya kioo au polipropilini. Ile ya plastiki inayong'aa kama kioo, polistairini, huyeyuka ndani ya asetoni mbele ya macho yako.

Weka chujio kwenye kisagio cha kioo pamoja na mililita 2 au 3 za asetoni, na saga hadi liwe uji. Kisagio kikae kwenye barafu, na usagaji usizidi dakika moja kwa mkupuo, kwa sababu joto huharibu rangi. Wapo wanaoruka hatua hii na kulowesha chujio tu. Kwa diatomu, yaani vijimea vyenye gamba la silika, huweza kupita. Kwa vijimea vya kijani na vya buluu-kijani, ambavyo ukuta wa seli ni mgumu, rangi nyingi hubaki ndani, na wewe utahitimisha kwamba bahari ina diatomu tu.

Mimina uji kwenye mrija wenye alama, suuza kisagio kwa asetoni, na fikisha mililita 10 kamili. Funga, tikisa, weka gizani kwenye nyuzi 4 kwa saa 2 hadi 24. Chagua muda mmoja na ushike huohuo kwa sampuli zote. Kukaa sana nako kuna hasara: diatomu nyingi zina kimeng'enya klorofilazi, ambacho hukata mkia wa klorofili na kutoa klorofilaidi. Spektrofotomita haioni tofauti kati ya hizo mbili kwa sababu hufyonza mwanga sawasawa, kwa hiyo jumla haitaharibika sana. Ila ukikusudia kupeleka sampuli kwenye HPLC, ambayo hutenganisha rangi moja moja, tofauti hiyo itakuumiza.

Zungusha mirija kwenye mashine ya kuzungushia kwa dakika 10 hivi, nguvu ya g 500 hadi 1000. Kimiminika cha juu kiwe angavu, bila ukungu.

Kusoma kwenye spektrofotomita

Kwanza, mashine yenyewe. Upana wa mwanga inaoutoa usizidi nanomita 2. Mashine za bei nafuu zenye upana wa nanomita 20, ambazo ni nyingi kwenye maabara za kufundishia, zinaweza kupunguza klorofili a kwa hadi asilimia 40, kwa sababu kilele chake ni chembamba na mwanga mpana unakisawazisha. Soma mgongo wa mashine kabla ya kuilaumu bahari.

Pili, hakiki urefu wa wimbi. Chukua sampuli yenye rangi ya kutosha, isome nanomita moja moja kuanzia 655 hadi 675, uangalie kilele kipo wapi. Kwenye asetoni ya asilimia 90 kinatakiwa kiwe 664. Kikitokea 661, mashine imehama. Ipeleke kwa fundi, au angalau usome kila kitu ukijua imehama kiasi gani.

Weka sifuri kwa asetoni ya asilimia 90 kwenye kyuveti (kijichupa cha kusomea) ileile utakayosomea sampuli. Kyuveti iwe ya kioo au kwatzi, yenye kifuniko, kwani asetoni huvuka haraka na sampuli iliyoachwa wazi huongezeka ukali kila dakika. Soma nanomita 750, 664, 647 na 630. Klorofili haifyonzi chochote pale 750. Kinachoonekana hapo ni ukungu wa nyuzi za chujio. Kikipita 0.005 kwa sentimita moja ya kyuveti, rudisha mrija kwenye mashine ya kuzungushia. Kisomo cha 664 kikiwa kati ya 0.1 na 0.8, uko salama. Kikiwa 0.03, usitafute desimali: tumia kyuveti ya sentimita 5, au chuja maji zaidi safari ijayo. Nunua ile nyembamba ya sentimita 5, ambayo ujazo wako wa mililita 10 utaijaza.

Hesabu

Toa kisomo cha 750 kwenye vingine vyote, kisha (namba iliyo kwenye mabano ni kisomo cha nanomita hizo):

Klorofili a = 11.85 × (664) − 1.54 × (647) − 0.08 × (630)

Jibu ni mikrogramu kwa mililita ya kimiminika, kwa kyuveti ya sentimita 1. Tuchukue mfano wa lita 4 zilizochujwa, kimiminika cha mililita 10, kyuveti ya sentimita 5. Visomo baada ya kutoa 750 ni 0.146, 0.042 na 0.030.

11.85 × 0.146 = 1.730
1.54 × 0.042 = 0.065
0.08 × 0.030 = 0.002

Inabaki 1.663. Gawanya kwa 5 upate 0.333, zidisha kwa mililita 10, upate mikrogramu 3.33; gawanya kwa lita 4. Klorofili a ni mikrogramu 0.83 kwa lita.

Mlinganyo huu ni wa mchanganyiko wa vijimea vya kila aina. Ukipima majani ya bahari au mwani wa kijani, vyenye klorofili a na b tu, tumia 11.93 × (664) − 1.93 × (647). Kwa vijimea wanaoishi ndani ya matumbawe, ambao ni dinoflajelati wenye klorofili c2 bila b, ni 11.43 × (663) − 0.64 × (630). Angalia kwamba hapo kilele ni 663, kwa sababu mlinganyo huo ni wa asetoni ya asilimia 100, si 90.

Jaribio la asidi

Mlinganyo wa juu hauwezi kutofautisha klorofili hai na feofitini, yaani klorofili iliyopoteza atomu yake ya magnesiamu. Ndiyo ile tuliyoiacha kwenye majani ya mikoko na kwenye kinyesi cha zooplanktoni. Njia ya Lorenzen ya mwaka 1967 inatumia udhaifu huohuo: tia asidi makusudi, klorofili yote igeuke feofitini, uone kisomo kimeshuka kiasi gani.

Baada ya kusoma 664 na 750, ongeza asidi ya hidrokloriki ya nguvu 0.1 N, mililita 0.1 kwa kila mililita 3 za sampuli. Funika, pindua taratibu, subiri sekunde 90, soma tena 750 na 665. Toa 750 ya baada kwenye 665 ya baada.

Klorofili a = 26.7 × (664 kabla − 665 baada) × mililita za kimiminika ÷ (lita zilizochujwa × sentimita za kyuveti)

Feofitini = 26.7 × (1.7 × 665 baada − 664 kabla) × sehemu ileile

Kwa mfano wetu, 665 baada ya asidi ikiwa 0.092, klorofili a inakuwa 0.72 na feofitini 0.14. Yaani sehemu ya ile 0.83 ya mwanzo ilikuwa mabaki.

Uwiano wa 664 kabla na 665 baada ndio wa kutazama kwanza. Klorofili safi hutoa 1.7, na feofitini tupu hutoa 1.0. Mfano wetu una 1.59, hali ya kawaida. Ukipata 1.2 kwenye vituo vya vijito vya mikoko tu, hiyo ni ikolojia: majani yaliyooza yamo. Ukipata 1.2 kwenye vituo vyote vya siku moja, hata vile vya nje ya mwamba, shuku friza, mwanga au asidi. Ukipata zaidi ya 1.7, kimiminika kilikuwa na ukungu au mashine imehama. Na ukiona uwiano unashuka taratibu kutoka sampuli ya kwanza hadi ya mwisho, kyuveti haikuoshwa vizuri: chembe ya asidi iliyobaki inaanza kuharibu sampuli inayofuata kabla hujaisoma. Isuuze kwa asetoni mara nne au tano baada ya kila asidi. Tahadhari moja zaidi: klorofili b ikiwa nyingi, jaribio la asidi linadanganya, kwa sababu nayo hugeuka na kusogeza kilele chake karibu na kile cha a.

Maji yakiwa maskini mno

Fluoromita, mashine inayopima mwanga ambao klorofili yenyewe huutoa ikimulikwa, huona kiasi kidogo sana kuliko spektrofotomita, na mililita 200 hadi 500 za maji ya bahari kuu huitosha. Lakini haijui namba yenyewe. Lazima uifundishe kwa klorofili a safi ya dukani, na ukali wa hiyo klorofili unaupima kwenye spektrofotomita. Kisomo cha 0.8767 pale 664, kwenye kyuveti ya sentimita 1, ni miligramu 10 kwa lita. Fundisha upya mara kwa mara, hasa taa ikibadilishwa.

Kuisoma namba

Vijimea vya kina kirefu, ambako mwanga ni haba, hujiongezea klorofili ndani ya kila seli. Kilele cha klorofili kwenye mita 60 basi huenda si kilele cha wingi wa vijimea, bali ni seli zilezile zilizojipaka rangi zaidi. Ukitaka kusema kuna chakula zaidi huko chini, hesabu seli kwa darubini au pima kaboni. Ukitaka kujua ni nani wamo, hapo ndipo HPLC inapolipa gharama yake: fukozanthini huelekeza kwenye diatomu, peridinini kwenye dinoflajelati, zeazanthini kwenye vijimea vya buluu-kijani.

Kwenye jedwali unalompa mwenzako, kando ya kila namba pawepo ujazo uliochujwa, aina ya chujio, kimiminika, muda wa kutoa rangi, mlinganyo, kama asidi ilitumika, saa na hali ya maji. Asetoni iliyotumika ikusanywe kwenye chupa yenye lebo, isimwagwe kwenye sinki.